Unilever: kampuni iliyouza mashamba ikabaki na majina

UKIINGIA katika duka lolote kuanzia Rumonge hadi Kigoma, tazama rafu iliyo nyuma ya muuzaji. Utaona sabuni ya Sunlight, sabuni ya unga ya Omo, mafuta ya kujipaka ya Vaseline na kopo la Blue Band. Wengi wetu tumezoea kuvihesabu vitu hivi kama watoto wa baba mmoja. Kwa miaka mingi ilikuwa hivyo kweli, kwani vyote vilikuwa mali ya Unilever, kampuni kubwa ya Waingereza na Waholanzi.

Leo si hivyo tena. Blue Band iliuzwa mwaka 2018. Sehemu kubwa ya biashara ya chai, pamoja na jina la Lipton, iliuzwa mwaka 2022. Mashamba ya michikichi ya Kongo, nchi iliyo ng'ambo ya ziwa letu, yalikuwa yamekwisha kuuzwa tangu mwaka 2009. Na bado kampuni hiyo inaendelea kupata faida ya mabilioni kila mwaka.

Inakuwaje kampuni iliyoanza kwa sabuni iuze mashamba yanayotoa mafuta ya sabuni, na isife njaa? Swali hili si la wasomi wa vyuo vikuu peke yao. Linamhusu mkulima wa mawese wa Rumonge na Nyanza-Lac, linamhusu mama anayevuka mpaka wa Mugina na katoni kichwani, na linatuhusu sisi tuliorejea kutoka uhamishoni tukakuta michikichi ya baba zetu lakini hatuna hakika faida iko wapi. Ndiyo sababu nimeona vema leo tuifuate historia ya kampuni hii tangu mwanzo wake, kisha tufungue daftari lake.

Mche wa sabuni na kipande chenye jina

William Hesketh Lever alizaliwa mwaka 1851 katika mji wa Bolton, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa na biashara ya vyakula na vitu vya nyumbani, na kijana alianzia kazi hapo hapo kwa baba, akikata sabuni na sukari. Zama hizo sabuni ilifika dukani ikiwa mche mrefu. Mwenye duka aliukata, akaupima na kumfungia mteja kipande chake. Mnunuzi hakujua ni nani aliyeitengeneza. Kipande cha leo kingeweza kuwa kizuri, na cha wiki ijayo kikamchubua mikono.

Sisi tuliokulia katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, hatuhitaji kuelezwa jambo hili kwa kirefu. Duka la jirani yetu lilikuwa na mche mmoja juu ya meza na kisu pembeni. Mama alinituma nikanunue kipande, na muuzaji akakata kwa kukadiria macho. Akiwa na furaha, kipande kilikuwa kinene. Akiwa amegombana nyumbani kwake, sisi ndio tuliofua nguo kwa kipande chembamba. Hakuna aliyeuliza sabuni hiyo inaitwaje. Ilikuwa sabuni tu.

Lever aliliona tatizo hili akiwa nyuma ya meza ya duka. Mwaka 1884 alisajili jina la Sunlight, maana yake mwanga wa jua. Mwaka uliofuata, pamoja na ndugu yake James, alichukua kiwanda kidogo katika mji wa Warrington. Badala ya kuuza miche, alikata sabuni kiwandani katika vipande vya uzito mmoja, akavifunga katika karatasi na kupiga jina juu yake. Aidha, alitumia mafuta ya mimea kwa wingi, wakati ambapo watengenezaji wengi walitegemea mafuta ya wanyama. Kufikia mwaka 1888 kiwanda hicho kilikuwa kinatoa tani 450 za sabuni kwa wiki, na nafasi ikawa ndogo. Mwaka huo huo Lever alianza kujenga kiwanda kipya na kijiji cha wafanyakazi karibu na Liverpool, akakiita Port Sunlight.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lever aliikubali nusu ya methali hiyo na kuikataa nusu ya pili. Alitaka sabuni yake iwe njema, lakini pia aliitembeza: magazetini, kwenye kuta, kwa picha na kwa zawadi. Alichokuwa akiuza kilikuwa sabuni pamoja na hakika. Mama aliyenunua Sunlight Jumatatu alijua kwamba ya Jumatatu nyingine itakuwa ile ile. Hakika hiyo ndiyo iliyolipiwa.

Mafuta yalitoka wapi

Jina likishapendwa, kiwanda kinataka mafuta, na mengi. Tunda la mchikichi, kama kila mkulima wa hapa anavyojua, lina mafuta ya aina mbili. Nyama ya nje inatoa mawese mekundu. Kokwa ya ndani inatoa mafuta meupe yanayofanana na ya nazi, na hayo ndiyo yanayoipa sabuni povu jingi. Lever alihitaji yote mawili, na hakupenda kutegemea wafanyabiashara waliokuwa wakipandisha bei ya mafuta kila walipoona sabuni yake inauzwa.

Mwaka 1911 alitiliana mkataba na serikali ya Ubelgiji, ikaundwa kampuni iliyoitwa Huileries du Congo Belge. Ramani ya Kongo ilichorwa duara tano, kila moja ikiwa na nusu kipenyo cha kilomita 60, na ndani ya duara hizo kampuni ilipewa haki ya kuchagua ardhi mpaka kufikia hekta 750,000. Makao makuu yalikuwa Lusanga, kando ya mto Kwilu, mahali palipobadilishwa jina na kuitwa Leverville. Mkataba uliitaka kampuni ijenge shule na hospitali.

Shule na hospitali zilijengwa. Hata hivyo, historia imeandika pia upande wa pili. Wanaume walisukumwa na maofisa wa serikali ya kikoloni na machifu waende kupanda michikichi na kukata vichane, wapende wasipende, kwa ujira mdogo na chini ya tishio la kifungo. Mtafiti wa Kibelgiji Jules Marchal, aliyewahi kuwa balozi, alizifukua kumbukumbu za serikali yake mwenyewe na kuonyesha kwamba kazi ya shuruti iliendelea kwa miongo kadhaa. Mwaka 1931 watu wa kabila la Wapende, waliokuwa wakichoshwa na kodi na kazi ya mawese, waliasi. Uasi huo ulizimwa kwa risasi na mamia walikufa.

Nawafundisha wanafunzi wangu jambo hili si kwa ajili ya kuwachochea. Nataka wajue kwamba kipande cha sabuni kilichofungwa vizuri Ulaya kilikuwa na mnyororo mrefu, na kwamba katika mnyororo huo aliyekuwa juu ya mti ndiye aliyepata kidogo kuliko wote. Sehemu hiyo ya historia haijabadilika sana. Anayepanda mchikichi leo ana uhuru wake, na hilo si jambo dogo, lakini bado yuko mwisho wa mnyororo.

Deni la 1920 na ndoa ya 1929

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ilimpata Lever mwenyewe, wakati huo akiwa amepewa cheo cha Lord Leverhulme. Mwaka 1920 aliinunua kampuni ya Niger Company ya Afrika Magharibi kwa zaidi ya pauni milioni 8, bila kukagua vitabu vyake ipasavyo. Baada ya kununua ndipo ilipogundulika kwamba kampuni hiyo ilikuwa na deni kubwa benki. Wakati huo huo bei ya mafuta ya mimea ilianguka. Kampuni nzima ya Lever ilikaribia kuzama.

Aliyeiokoa alikuwa mhasibu, Francis D'Arcy Cooper. Ndiye aliyepanga madeni, akabana matumizi, na baada ya Leverhulme kufariki mwaka 1925 akashika uongozi. Jambo la ajabu ni kwamba watu wengi wanamjua Lever, wachache wanamjua Cooper. Bila Cooper, labda jina la Sunlight lingekuwa limesahauliwa.

Upande mwingine wa bahari, Uholanzi, kulikuwa na familia mbili za wafanyabiashara wa siagi katika mji wa Oss: Jurgens na Van den Bergh. Mwaka 1869 Mfaransa Hippolyte Mège-Mouriès alikuwa amevumbua majarini, yaani siagi ya bei nafuu kwa ajili ya maskini na wanajeshi. Familia hizo mbili zikaichukua biashara hiyo na kushindana kwa zaidi ya miaka hamsini, kisha zikaungana mwaka 1927.

Sasa msomaji anaweza kuuliza: sabuni na majarini vinakutana wapi? Vinakutana kwenye pipa la mafuta. Mtengeneza sabuni na mtengeneza majarini wote wawili wanagombea mawese yale yale na mafuta ya kokwa yale yale. Kila mmoja akipandisha bei ili apate mzigo, anamuumiza mwenzake na kujiumiza mwenyewe. Basi tarehe 2 Septemba 1929 walikubaliana kuacha ugomvi na kuwa kitu kimoja. Unilever ikaanza rasmi tarehe 1 Januari 1930, ikiwa na makampuni mama mawili, moja London na jingine Uholanzi. Hali hiyo ya kuwa na vichwa viwili ilidumu hadi Novemba 2020, yalipounganishwa kuwa kampuni moja yenye makao London.

Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, bidhaa hizo tulizijua zaidi kupitia kiwanda cha Nairobi cha East Africa Industries, kilichokuja kuitwa Unilever Kenya. Wazee wa biashara hawajalisahau jina hilo la zamani.

Mkemia wa Gujarat na vipakiti vidogo

Msomaji asidhani kwamba kampuni kubwa haishindwi. India ilitoa somo kubwa. Mwaka 1969 mkemia mmoja wa jimbo la Gujarat, Karsanbhai Patel, alianza kutengeneza sabuni ya unga nyumbani kwake na kuiuza kwa baiskeli baada ya saa za kazi. Aliiita Nirma, kwa kumbukumbu ya binti yake. Bei yake ilikuwa chini ya theluthi moja ya bei ya Surf, sabuni ya unga ya Hindustan Lever, tawi la Unilever nchini humo.

Wakubwa wa Surf hawakujali mwanzoni. Walidhani mnunuzi wa Nirma si mteja wao. Kufikia miaka ya 1980 Nirma ilikuwa imeipita Surf kwa wingi wa mauzo. Ndipo Hindustan Lever ikalazimika kutoa sabuni ya bei ya chini iliyoitwa Wheel na kujifunza upya namna ya kumuuzia maskini.

Katika kujifunza huko, makampuni mengi ya India yalishika sana njia ya vipakiti vidogo, ambavyo mtu ananunua kwa sarafu aliyo nayo leo. Njia hiyo imeenea hadi kwetu. Wakenya wanaiita uchumi wa kadogo. Haba na haba hujaza kibaba, lakini yafaa kujua ni kibaba cha nani kinachojazwa. Wewe mwenye duka, chukua vipakiti vya katoni moja, jumlisha gramu zake na bei yake, kisha linganisha na pakiti kubwa ya sabuni hiyo hiyo. Ni hesabu ya dakika tano. Utajua kama mteja wako anafaidika au analipia karatasi.

Tufungue daftari

Kampuni iliyoandikishwa katika soko la hisa inalazimika kutangaza hesabu zake, kwa hiyo hatuhitaji kubahatisha. Mwaka 2024 mauzo ya Unilever duniani yalikuwa yuro bilioni 60.8. Faida halisi, baada ya kodi na gharama zote, ilikuwa yuro bilioni 6.4. Wenye hisa walirudishiwa yuro bilioni 5.8 kwa njia ya gawio na kwa kampuni kununua hisa zake yenyewe.

Mabilioni yanachosha kichwa. Tuyashushe yawe faranga. Tuseme Unilever mwaka huo iliuza vitu vya faranga 100. Faranga 55 zilikwenda kwenye malighafi, viwanda, vifungashio na usafirishaji. Zikabaki 45. Katika hizo, faranga 15 na nusu zilitumika kutangaza na kukuza majina ya bidhaa. Faranga 11 hivi zililipa ofisi, utafiti na uendeshaji. Faranga 18 na senti 40 zilikuwa faida ya uendeshaji, kabla ya riba, kodi na gharama za pekee za mageuzi.

Tazama vizuri hesabu hiyo. Fedha ya kulitangaza jina inakaribia kulingana na faida yenyewe. Na katika zile 55, mafuta ya mchikichi ni sehemu tu, kwa sababu humo humo kuna kemikali, plastiki, karatasi, umeme, mishahara ya kiwandani na malori. Mkulima yuko ndani ya 55, tena pembeni. Jina liko ndani ya 45.

Sasa tutazame miaka mitatu mfululizo, maana mwaka mmoja unaweza kudanganya. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipandisha bei ya mafuta ya kula, nishati na usafirishaji. Indonesia, mzalishaji mkubwa wa mawese kuliko wote, ilisimamisha kuuza nje mafuta hayo kwa wiki kadhaa kati ya Aprili na Mei. Unilever ikapandisha bei za bidhaa zake kwa wastani wa asilimia 11.3. Matokeo yake wateja walipunguza ununuzi, na wingi wa bidhaa zilizouzwa ukashuka kwa asilimia 2.1. Fedha iliyoingia iliongezeka, lakini faida ya uendeshaji ilishuka kutoka asilimia 18.4 ya mauzo mwaka 2021 hadi 16.1.

Mwaka 2023 bei ilipanda kwa asilimia 6.8 na wingi ukaongezeka kidogo sana, asilimia 0.2. Kwa hiyo mauzo yalikua kwa asilimia 7. Lakini yalipohesabiwa kwa yuro, jumla ilishuka kwa karibu asilimia moja, hasa kwa sababu fedha za nchi nyingi zilipoteza thamani. Faranga yetu nayo ilishushwa thamani rasmi mwaka huo huo, na kila mfanyabiashara wa mpakani anakumbuka. Aliyeuza mzigo wake wote akahesabu noti nyingi, akaenda Kigoma kununua mwingine, akakuta noti nyingi hazitoshi katoni zile zile. Unilever ilipata maumivu hayo hayo, tofauti ni kwamba yenyewe iliyaandika kwenye mstari wake katika daftari.

Mwaka 2024 ndio uliotulia. Bei ilipanda kwa asilimia 1.3 tu, wingi ukaongezeka kwa asilimia 2.9, na faida ya uendeshaji ikarudi 18.4. Hapo tunajifunza kwamba mauzo yana miguu miwili, bei na wingi. Anayetembea kwa mguu wa bei peke yake hafiki mbali, maana mteja naye ana kikomo.

Kuuza, na kuuza tena

Kwa nini basi kampuni imeuza mali nyingi? Februari 2017 kampuni ya Marekani ya Kraft Heinz ilitaka kuimeza Unilever kwa dola bilioni 143. Unilever ilikataa, lakini ilishtuka. Iliwaahidi wenye hisa kwamba itafikisha faida ya uendeshaji asilimia 20 ya mauzo ifikapo 2020, na moja ya hatua zake ikawa kuondoa kile kisichokua haraka.

Biashara ya majarini, ikiwa na Blue Band, iliuzwa kwa kampuni ya uwekezaji ya KKR ya Marekani kwa karibu yuro bilioni 6.8, na mauzo yakakamilika mwaka 2018. Hapo ilivunjwa nusu nzima ya ile ndoa ya 1929. Biashara ya chai iliuzwa kwa CVC kwa yuro bilioni 4.5 na kukabidhiwa mwaka 2022. Ndani yake yalikuwemo mashamba ya Kericho nchini Kenya na Mufindi nchini Tanzania, ambayo Unilever iliyapata ilipoinunua Brooke Bond mwaka 1984. Mwaka 2024 mmiliki huyo mpya naye akatangaza kuyauza mashamba ya Afrika Mashariki kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Desemba 2025 ikawa zamu ya aisikrimu, iliyotengwa na kuwa kampuni ya peke yake kwa jina la Magnum.

Na Kongo? Mwaka 2009 mashamba yaliyobaki, Lokutu, Yaligimba na Boteka, yalinunuliwa na kampuni ya Kanada iliyoitwa Feronia. Leverville yenyewe ilikuwa imekwisha kuachwa zamani. Feronia ilishindwa na madeni mwaka 2020, na mashamba yakapita tena katika mikono mingine. Wanavijiji wa huko wamebaki na madai yao ya ardhi ya tangu 1911, na kila mmiliki mpya anasema hayo ni ya yule aliyetangulia. Sisi wa Rumonge tuliorejea tukakuta mashamba yetu yana wenyewe wapya tunaijua vizuri ladha ya jibu la namna hiyo.

Ukiyapanga mauzo hayo yote mstari mmoja, utaona njia. Kampuni imekuwa ikiiacha ardhi na kuikaribia karatasi yenye jina. Shamba linahitaji mvua, vibarua, barabara na uvumilivu. Jina linahitaji matangazo na hakika. Faida imelifuata jina.

Hata hivyo, jina nalo linaweza kumkimbia muuzaji. Machi 2023 tawi la Unilever la Nigeria lilitangaza kuacha biashara ya sabuni za kufulia na za kuogea, zikiwemo Omo, Sunlight na Lux. Wafanyabiashara waliokuwa wamejenga maduka yao juu ya majina hayo hawakuulizwa. Uamuzi wa namna hiyo hufanywa kwa kutazama safu za tarakimu, na mchuuzi hayumo katika safu hizo.

Swali lililo mezani Rumonge

Yote hayo yangebaki habari za mbali kama lisingekuwepo jambo moja hapa kwetu. Katika mtaa ninaoishi kuna kikundi cha akina mama, baadhi tuliorejea nao kutoka Tanzania na wengine wenyeji ambao hawakuondoka. Wanatengeneza sabuni kwa mawese na mafuta ya kokwa. Ni sabuni nzuri, inatoa povu, haichubui. Wanaiuza kwa mche, haina jina. Mimi huwatunzia daftari kila Jumamosi.

Msimu huu amekuja mfanyabiashara wa jumla. Anataka kuinunua sabuni yao yote kila wiki, fedha taslimu, kwa sharti kwamba isiwe na alama yoyote. Ataikata mwenyewe, ataifunga, na kupiga jina lake. Kikundi kimegawanyika. Mama mmoja mzee, ambaye mumewe alifia uhamishoni, aliniambia mbele ya wenzake: "Mwalimu mwanangu, jina haliliwi. Watoto wanataka unga." Dada mmoja kijana, anayevuka Mugina kila wiki, akamjibu kwa heshima: "Bibi, mimi nauza majina ya watu kila siku, na ninaona wenyewe wanavyokula."

Wote wawili wana haki. Fedha ya kila wiki si kitu cha kudharau, hasa kwa kikundi ambacho kostiki soda inakinunulisha kwa shida. Kulitunza jina nako kuna gharama: karatasi, mhuri, mizani, na zaidi ya yote, ile kazi ngumu ya kuhakikisha kila kipande kinafanana na cha jana. Ukipiga jina juu ya sabuni mbaya, umelipa ili watu wakukumbuke kwa ubaya.

Lakini hesabu tuliyoifanya hapo juu inasema jambo wazi. Anayeuza mche usio na jina amejiweka ndani ya zile faranga 55, pamoja na plastiki na malori. Bei ya mafuta ikishuka, atashushwa. Ikipanda, mnunuzi atatafuta kikundi kingine, kwa kuwa hakuna mteja atakayeuliza sabuni ya akina mama wale imekwenda wapi. Hawezi kuiulizia, haijui.

Ushauri nilioutoa ni huu. Wamuuzie mfanyabiashara sehemu, tuseme nusu, ili unga upatikane. Nusu ya pili waipime, waikate sawa sawa, waifunge na kuipa jina lao, hata kama mwanzoni itauzwa kwenye mitaa mitatu tu. Mkataba na mfanyabiashara uandikwe, useme kiasi na muda, na usiwafunge mikono kutumia jina lao. Na kila kundi la sabuni liandikwe siku yake na vipimo vyake, ili mteja akilalamika wajue kosa liko wapi. Kura itapigwa mwishoni mwa mwezi, na mimi sina kura. Nina daftari tu.

Kwa wenzangu wa mpakani, neno ni fupi zaidi. Usitegemee jina moja la kigeni kwa riziki yako yote, kwa maana mwenye jina hakujui. Hesabu faida yako kwa wingi wa katoni unazoweza kununua tena, si kwa wingi wa noti ulizopokea. Weka upande mmoja wa rafu kwa sabuni ya jirani yako aliye na mchikichi, kama inafaa kuuzwa, na mwambie aipe jina. Akilitunza, wateja watakuja dukani kwako wakilitaja, na wewe utakuwa muuzaji wake wa kwanza.